Siku Kumi za Kulaza Majini

Jumatatu, 2 Juni

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya sare za shule, lakini leo limepata kazi nyingine. Uvuvi umefungwa tangu jana ili samaki wazaliane. Ziwa limetulia, boti zimepandishwa ufukweni, na wanaume wanazurura barabarani kama watu waliosahau walichotumwa. Utafunguliwa tarehe mosi Septemba.

Mdogo wangu alikuja kula mchana. Mtaa mzima unamwita Kesho, maana tangu utotoni kila unachomwambia afanye, atakifanya kesho. Leo, kwa mara ya kwanza, alikuja na neno la leo. Kuna kampuni ya meli kubwa za uvuvi huko baharini inatafuta vijana kwa mkataba wa miaka miwili. Lori la kuwachukua litaondoka hapa siku hiyo hiyo uvuvi utakapofunguliwa. Amechoka kuvua kwenye boti ya mtu na kugawiwa samaki wasiotosha hata mchuzi.

Nikamwuliza, na mashua ya baba je? Akacheka. Mashua ya baba imelala kifudifudi nyuma ya nyumba yangu mwaka wa sita huu tangu azikwe, na kuku wa jirani wanataga chini yake.

"Ikielea kabla ya tarehe mosi, nabaki," akasema. "Isipoelea, dada, naenda."

Nilikubali kabla hajameza tonge. Nimemlea tangu ana miaka minne, mama alipotutoka na baba akawa mtu wa majini zaidi kuliko wa nchi kavu. Kila suruali aliyovaa mpaka akaota ndevu nimeishona mimi. Sijui nyumba bila yeye inakuwaje, na sitaki kujua.

Jumatano, 4 Juni

Nimemleta fundi wa mashua aione. Anajulikana kama Penseli. Moja iko nyuma ya sikio, nyingine mfukoni, na ukimwuliza swali lolote anaanza kwanza kuchonga mojawapo. Mfuko wa pili una karanga. Viatu vinang'aa utadhani anapita tu kuelekea harusini.

Aliizunguka mashua nusu saa nzima, akiigonga kwa vifundo vya vidole na kutega sikio. Kisha akaniandikia kwenye kipande cha boksi: mbao, misumari, pamba ya kuzibia, lami, rangi, siku za kazi. Jumla yake ni bei ya cherehani mbili mpya na ya tatu iliyotumika. Mstari wa mwisho ulisema: Kulaza majini, siku kumi. Nikamwuliza kulaza majini ni kufanya nini. Akasema ni kuilaza majini. Nikamwuliza yeye siku hizo kumi atakuwa anafanya nini. Akachonga penseli, akapuliza vumbi lake.

"Naiangalia."

Siku kumi za kuangalia, na mimi nilipe. Niliukata mstari ule kwa chaki yangu ya kukatia nguo, mbele ya macho yake. Hakubishana. Alisema bila siku hizo hafanyi kazi, akakitia kile kiboksi mfukoni pamoja na karanga, akaenda zake. Ni mwizi, ila ni mwizi mstaarabu.

Ijumaa, 6 Juni

Tutaitengeneza wenyewe.

Jumanne, 10 Juni

Nimewahamisha kuku. Wamenitazama vibaya.

Mchana jua lilikuwa kali, nikaingia chini ya mashua kupima mbao zilizooza, na nikabaki humo. Ni kama chumba. Kuna harufu ya lami ya zamani na ya samaki walioliwa na watu ambao wengine hawapo tena. Mbao zimekauka mpaka zimeachana, na mwanga unapenya katikati yake na kuanguka mistari mistari kwenye mkono wangu, kwenye gauni, kwenye mchanga. Niliinyoosha mikono ikawa kama kitambaa cha milia. Nikasinzia. Niliota nyumba imejaa maji mpaka dirishani na sisi tumeketi mezani tunakula, hakuna anayeshangaa.

Nilipoamka mistari ilikuwa imehamia ukutani mwa mashua na mdogo wangu alikuwa nje, anagonga kwa kidole, anauliza kama kuna mtu nyumbani.

Mwanga ule lakini sikuupenda. Mimi ni mshonaji. Mshono unaoonyesha mwanga haujashonwa.

Jumatano, 11 Juni

Kola kumi na mbili. Joto.

Jumamosi, 14 Juni

Tunakwangua rangi. Kesho alifika saa moja asubuhi, jambo ambalo ningemwita shahidi alithibitishe. Juu kuna kijani. Chini yake buluu, halafu nyeupe, halafu kijani tena, halafu nyekundu ambayo siikumbuki kabisa. Baba alikuwa anapaka kila msimu wa kufungwa, bila kukwangua, anarundika tu. Kwa hiyo ukikwangua unarudi nyuma. Tulipofika kwenye nyeupe nilimwambia mdogo wangu huu ndio mwaka aliozaliwa. Alitia kidole chake pale, kisha akaniuliza kama mama aliwahi kupanda humu. Nikamwambia alipanda mara moja akatapika njia nzima, baba akawa anacheka na kumshika nywele. Tulicheka na sisi. Vipande vya rangi vilitujaa kichwani, na jioni bado nilikuwa navitoa kwenye kope.

Jumapili, 22 Juni

Shangazi alikuja kukagua. Aliuliza tutaweka madirisha mangapi. Kisha akakaa kwenye kiti cha pekee chenye kivuli na kusimulia kwamba mashua hii aliiunda Penseli huyo huyo akiwa bado kijana, na kwamba ilipokwisha waliizamisha, na baba alikaa ufukweni kuiangalia mpaka shingo ikamkakamaa. Shangazi hutia chumvi. Kwa maelezo yake, mimi nilizaliwa na meno.

Jumatano, 2 Julai

Misumari niliyonunua ni ya bati la paa. Imeshaanza kuota kutu kabla haijapigwa. Nimenunua mingine. Muuzaji alifurahi mara mbili.

Alhamisi, 10 Julai

Seremala wa vitanda alitukatia mbao mbili za kuchukua nafasi ya zilizooza. Zote mbili fupi. Hakurudisha hela, alisema mbao si fupi, mashua ndiyo ndefu. Kesho alicheka mpaka akakaa chini. Nilitaka kununa, nikashindwa.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeuza cherehani ya pili, ile ya kushona vifungo. Mbao mpya zimefika, ndefu, zina harufu tamu. Usiwaze sana, nimejiambia. Cherehani inanunulika tena.

Ijumaa, 18 Julai

Mbao zimekaa mahali pake. Tulizipinda kwa maji ya moto na matusi. Mdogo wangu ana mikono ya baba; sikuwahi kuiona mpaka leo ilipokuwa imekamata nyundo.

Jumanne, 29 Julai

Sasa ndiyo kazi yangu. Unasokota pamba iwe kamba, unaisukuma katikati ya mbao kwa patasi butu, unagonga. Kok, kok, kok. Unasogea. Kok, kok, kok. Ni kushona, ila sindano ni ya chuma na kitambaa hakikunjiki. Saa zinapita bila mimi kuwa na habari nazo. Leo nimesikia wito wa chakula nikadhani ni wa jana.

Jumamosi, 2 Agosti

Kok, kok, kok.

Jumanne, 5 Agosti

Nimerudia mishono yote mara ya pili. Nikaingia chini, nikaona mwanga sehemu nne, nikarudia ya tatu. Jua halijawahi kuwa kali namna hii, mbao zinalia zenyewe mchana kwa ukavu. Kesho alisimama na kopo lake la lami akaniambia, "Dada, inatosha." Nikamwambia mimi nikishona mtoto harudi nyumbani na shati limeachia kwapani. Akarudi kwenye lami yake. Nimeona siku hizi anakubali haraka, na akimaliza kazi anakwenda kusimama ufukweni mikono mfukoni, anaangalia kule ambako hakuna kitu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeingia chini ya mashua leo. Giza tupu. Sioni hata kiganja changu. Nililala humo fofofo kama mtoto, na sikuota chochote.

Jumamosi, 16 Agosti

Imeelea.

Tuliibeba watu kumi na nne, Shangazi akiwa mbele kutoa maelekezo. Rangi ya kijani, kama baba. Ilipogusa maji ilitikisika kidogo, kama mtu anayeingia kwenye kiti kisicho chake, kisha ikatulia. Niliingia, nikapapasa sakafu yote kwa kiganja. Kavu. Siku kumi na sita kabla ya tarehe mosi! Mdogo wangu alikuwa amesimama majini mpaka kiunoni, ameshika ukingo. Nilimwambia, "Unaona?" Akasema anaona.

Penseli alikuwepo, mbali kidogo ili viatu visilowe. Alikula karanga mpaka mwisho. Nilimpungia mkono. Nakiri nilimpungia kwa ubaya.

Kwa hesabu ya kichwani nimetumia nusu ya alichotaka yeye, na kucha mbili.

Jumatatu, 18 Agosti

Inatoa sauti. Nilikwenda asubuhi kuipelekea kamba mpya nikaisikia, mlio mwembamba wa ndani kwa ndani, kama kiatu kipya. Kesho anasema mashua zote husema.

Jumanne, 19 Agosti

Nilikuwa ndani yake ilipovunjika. Nataka kuandika jinsi ilivyokuwa, maana tayari inaanza kuonekana kama kitu nilichoota.

Ilikuwa saa nne, ziwa halina hata kikunjo. Nilikuwa nashona mto wa kukalia. Nikasikia tap, kama kifungo kinachokatika kwenye shati la mtu aliyeshiba. Nikatazama gauni langu, kweli, nikahesabu vifungo. Kisha tap ya pili, na ya tatu ikawa si tap tena, ilikuwa mlio wa mti. Mbavu za upande wa kushoto, zile mbao zilizopinda zinazoshika umbo lote, zilikuwa zinapasuka moja baada ya nyingine mbele ya macho yangu, polepole, hakuna anayezigusa. Ubao mmoja uling'oka kwenye misumari yake ukasogea nje. Maji yaliingia bila haraka. Yalikuwa ya uvuguvugu. Nilikaa. Mto uliinuka ukaelea, na mimi nikawa nauangalia tu, mpaka mdogo wangu akanishika kwapa na kunitoa kama mzigo.

Imezama kwenye maji ya kiunoni. Kijani chake kinaonekana vizuri kabisa kule chini.

Jumatano, 20 Agosti

Nilikwenda kwa Penseli mwenyewe. Hakuna aliyenituma. Alikuja, akavua viatu akavipanga juu ya jiwe, akakunja suruali. Tuliivuta nchi kavu tukailaza ubavu. Alitia ndoano kwenye mshono mmoja akavuta, na pamba yangu ikatoka, ndefu, ngumu kama mfupa.

"Nani alizibia hii?"

"Mimi."

"Umebana sana, Mama Sare." Alisema kwa upole, na ningependa zaidi angesema kwa ukali. "Mbao kavu ikipata maji inanenepa. Hii ilitaka kunenepa ikakosa pa kwenda. Ndiyo ikasukuma mbavu zake yenyewe."

Kisha akanieleza zile siku kumi. Mbao iliyokauka huzibwa kwa kulegeza, halafu mashua huzamishwa makusudi, ikae inakunywa. Siku za mwanzo inavuja kama kapu. Inanenepa taratibu, inajaza yenyewe ile nafasi uliyoiachia, na mishono inafunga. Asubuhi anayakomba maji, anatazama inavuja wapi, anatia alama, anaiacha ijae tena. Hiyo ndiyo kuangalia.

Nilitamani ardhi inimeze. Mimi ndiye, mwaka wa thelathini huu, ninayewaambia wazazi kwamba kitambaa cha pamba lazima kionje maji kabla hakijakatwa. Mimi ndiye ninayeacha vidole vinne vya pindo kwenye kila suruali ya shule ili mtoto akirefuka kuwe na kitu cha kufumua. Sijawahi kumshonea mtoto nguo ya kumkaa sawasawa. Mashua ya baba ndiyo nimeishonea ya kuikaa sawasawa.

Alitoa mfukoni kile kipande cha boksi, kimechakaa, kina maganda ya karanga. Bei imepanda kwa ajili ya mbavu. Niliomba penseli yake, nikauandika upya ule mstari wa mwisho kwa mkono wangu.

Mbavu na mbao zitachukua siku kumi na moja. Halafu kumi za majini. Nimehesabu kwa vidole, nikahesabu tena kwa kalenda. Tarehe mosi itafika mashua ikiwa chini ya maji.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimeuza cherehani ya tatu. Imebaki ile ya mama. Kujifanyia mwenyewe kumenigharimu alichotaka Penseli, na nusu yake juu.

Jumapili, 24 Agosti

Nilimwambia mdogo wangu kuwa nitamwomba yule mtu wa kampuni asogeze safari, au tumwombe mwenye boti aliyokuwa akivulia ampokee kwa siku kumi tu. Nilikuwa na mipango minne, nimeiandika nyuma ya daftari hili. Alinisikiliza yote. Alikuwa anaosha vyombo, anaosha sahani moja muda mrefu.

"Dada, fomu niliijaza Mei," akasema. "Kabla sijakwambia."

Nikamwuliza basi kwa nini amekwangua rangi wiki tatu, amepinda mbao, amekesha na lami kwenye kucha.

"Nilikuwa nasubiri nione kama hamu itaniisha. Nilijua ikielea nitabaki, nilikupa neno langu. Lakini haikuisha." Akaiweka ile sahani. "Siku ile ilipoelea nilienda nyuma ya ghala la barafu nikalia. Nisamehe."

Nilitoka nje, nikaenda pale nyuma ambapo mashua ilikuwa, pana alama yake kwenye mchanga, ndefu, na kuku wamesharudi. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Penseli, nikamkasirikia baba na rangi zake. Zilipokwisha hasira zote nilimkuta mtu mmoja tu amebaki, na huyo amekuwa akigonga pamba tangu Julai, mshono wa tatu juu ya wa pili, na mtoto anamwambia inatosha.

Nilirudi ndani jua likizama. Alikuwa ameketi palepale.

"Nenda," nikamwambia. "Hata kama ingeelea. Nenda."

Jumatano, 27 Agosti

Nashona suruali mbili nzito za kazi. Kwa cherehani ya mama, inayoruka mishono ikichoka. Penseli anachonga mbavu ya mwisho na anaimba kwa pua. Si mtu mbaya. Ana mkono wa birika kwa karanga zake tu.

Jumamosi, 30 Agosti

Kesho alizijaribu zile suruali. Akafunua pindo.

"Dada, vidole vinne? Mimi sirefuki tena."

Nikamwambia hawezi kujua.

Jumatatu, 1 Septemba

Uvuvi umefunguliwa. Boti zote ziliondoka alfajiri, na kelele zake zikaisha upesi kuliko nilivyodhani.

Saa mbili tuliishusha mashua yetu, watu wachache safari hii, wengine wote wako kazini. Penseli alitia mawe ndani, matatu mbele na mawili nyuma, na ikaanza kunywa. Mdogo wangu aliishika ukingo mpaka maji yakafika kwenye vidole vyake, na akaendelea kuishika chini ya maji. Kisha akaachia. Ilikaa pale chini, kijani, imetulia, na jua likapita ndani ya maji likachora mistari juu ya sakafu yake, ile ile niliyoiona Juni mkononi mwangu.

Lori lilipiga honi saa nne. Alipanda na suruali iliyolowa mpaka kiunoni. Nilimpa ile kavu kwenye mfuko, nikamwambia abadilishe njiani asije akakohoa. Nilikuwa nimetunga maneno mengine kabisa.

Jumanne, 2 Septemba

Inavuja kama kapu.

Alhamisi, 4 Septemba

Nyumba haina sauti. Nimepika chakula cha wawili, nikampelekea Penseli ufukweni. Amenipa karanga, kiganja kizima.

Jumapili, 7 Septemba

Asubuhi tunakomba maji, tunakaa juu ya jiwe, tunaangalia. Kwanza nilidhani hakuna cha kuona. Kuna mengi. Jana maji yalirudi kwa saa moja, leo kwa saa mbili na ushee. Vidagaa vimeingia vinazunguka chini ya kiti cha baba. Nasinzia nikiwa nimefumbua macho. Wakati mwingine sijui kama ni mashua inayozama ndani ya ziwa au ni ziwa linalopanda ndani ya mashua, na sioni haja ya kujua.

Jumanne, 9 Septemba

Saa sita. Alama za penseli zimebaki mbili.

Alhamisi, 11 Septemba

Tulitoa mawe na kukomba maji alfajiri. Ikainuka. Penseli alisema tusubiri mpaka saa saba mchana, kwa hiyo nikaingia na daftari langu nikaketi kwenye kiti cha baba, na yeye akabaki ufukweni na viatu vyake.

Saa tano simu ililia. Ni mdogo wangu, yuko bandarini, wanapanda melini jioni. Upepo ulikuwa unamla maneno. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama inavuja.

"Mpaka sasa hata tone."

"Usiipandishe nchi kavu, dada. Hata siku moja. Ikikauka miaka miwili tutaanza upya."

Amesema tutaanza. Nimemwuliza sasa nani atakuwa anaitoa, akasema si nina mikono.

Nimempigia kelele Penseli pale ufukweni, kumwuliza anatoza kiasi gani kumfundisha mtu mzima kupiga makasia. Anachonga penseli. Safari hii chochote atakachoandika sitakikata.

Ni saa saba na dakika kumi. Nimeliweka daftari hili sakafuni tangu asubuhi, kila nikipumzika kuandika. Nimeligeuza sasa hivi kulipapasa mgongo. Halijalowa.